Madoa meupe kwenye vinia ya mkangazi: gundi imepenya, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala kijana, karakana yangu iko Langoni, Lamu. Nimepewa kazi ya meza ya kulia na milango ya makabati ya nyumba ya wageni kule Shela. Nilibandika vinia (majani membamba ya mbao) ya mkangazi juu ya blokibodi, ule ubao wa vipande vilivyounganishwa kiwandani, kwa gundi nyeupe ya mbao. Nilipaka gundi kwa brashi, kwenye ubao na kwenye vinia yenyewe ili ishike barabara, nikakandamiza kwa mawe usiku kucha. Asubuhi ilikuwa safi, nikapiga msasa, sikuona kasoro. Nilipopaka rangi ya mbao ya mafuta, kahawia iliyokoza, yakatokea madoa meupe meupe, mengine vidoti, mengine vijistari. Kinachonishangaza ni kwamba jani moja la vinia lina madoa, la pili safi, la tatu madoa tena. Nilisugua doa moja kwa msasa likazidi. Wenzangu wananiambia nifute yote kwa thina. Vanishi bado sijapaka. Je, kazi hii inaokoleka au nibandue nianze upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka msasa chini, na hiyo thina waachie wenzako. Kazi inaokoleka, ila si kwa njia unayoifikiria. Wewe unataka kuing'oa gundi ndani ya mbao. Gundi iliyoingia ndani sehemu kubwa haitatoka, na kila unavyoichimba ndivyo unavyokaribia kuitoboa vinia. Utaondoa ile iliyolala juu tu. Iliyobaki utaiacha hapo hapo ilipo, na rangi utaiweka juu ya mbao badala ya kuingoja mbao iinywe.

Lakini kabla ya dawa tuujue ugonjwa, maana si kila cheupe ni gundi. Maelezo yako ya jani moja ndiyo, jani la pili hapana, karibu yanatosha kunithibitishia. Hata hivyo hakikisha kwa macho yako.

Chukua tochi, ilaze karibu na ubao mwanga upite ubavuni, usimulike kutoka juu. Doa la gundi lililolala juu utaliona liking'aa kidogo na kuwa laini kuliko mbao inayolizunguka. Ukipitisha kucha, haikwami kwenye nyuzi. Lililoingia ndani halitang'aa, litafuata vitundu vya mbao: kijistari chembamba cha urefu wa punje ya mchele, kikubwa kidogo au kidogo kidogo, vyote vikielekea upande mmoja na nyuzi. Ndivyo ulivyoniandikia: vidoti na vijistari. Kama ungeniambia una mistari mirefu iliyonyooka sawasawa kwenye maungio ya majani, ningesema ni mabaki ya gundi ya ile karatasi ya kuungia vinia, hukuiosha ikaisha. Kama ungesema ni wingu jeupe lililotokea baada ya kupaka laka au shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) siku ya mvua, ningesema ni unyevu wa hewa umenaswa ndani ya laka, na hilo halihusiani na gundi hata kidogo. Na kama doa lina umbo la vidole au kiganja, jiulize mikono ya nani ilishika ubao. Hapo Lamu nimeona karakana za samani zikipakana na watu wanaopaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa; mafuta hayo yakishagusa vinia, rangi haiingii na vanishi haikauki vizuri.

Kuna kipimo kingine kizuri kisicho na gharama. Ile taa ya zambarau wenye maduka wanayokagulia noti bandia, azima jioni, zima taa za karakana, pitisha juu ya ubao. Aina nyingi za gundi nyeupe hung'aa kibuluu au kijani chini ya taa ile. Utaona ramani nzima ya gundi yako, pamoja na madoa ambayo bado hujayajua. Isipong'aa, usihitimishe kwamba hakuna gundi, maana ziko zisizong'aa. Ikiwaka, umekwisha kupata jibu.

Sasa kwa nini jani moja na si la pili? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili hutarudia tena.

Kiwandani gogo hulainishwa kwa maji moto au mvuke, kisha kisu kirefu hulikata majani membamba, mengi ya yanayouzwa yakiwa na unene wa kama milimita 0.6. Jani linapotoka hupinda juu ya makali ya kisu, na upande ulioelekea kisu hupasuka mipasuko midogo sana ifuatayo nyuzi. Huo ndio upande uliolegea. Upande wa pili hubaki umebana. Chukua kipande kilichobaki ukikunje taratibu kama unataka kukiviringisha kwa kufuata nyuzi, mara huku, mara huku. Kuna upande kitakunjika kirahisi na upande kitakataa kidogo. Kinapokunjika kirahisi, ule upande wa nje wa mkunjo ndio uliolegea, kwa sababu mipasuko inafunguka. Ukipitisha kidole utahisi pia una ukwaru zaidi.

Wewe, bila shaka, ulipanga majani yako kwa kuyafungua kama kurasa za kitabu ili maua ya mbao yatazamane. Ni mpango mzuri sana kwa macho, lakini ukigeuza jani la pili umeugeuza na uso wake. Moja limelala na uso uliobana juu, jirani yake uso uliolegea juu. Gundi inapopanda kupitia vitundu vya mbao, kwenye jani lililobana hufika juu kidogo tu, tena kwa vidoti vichache. Kwenye jani lililolegea inakuta mipasuko imekwisha kufunguka, inatambaa ndani yake. Zaidi ya hapo, uso uliolegea hunywa rangi nyingi kuliko uliobana, kwa hiyo pale penye gundi pasiponywa panajitokeza vibaya zaidi. Ndiyo maana asubuhi hukuona kitu. Gundi nyeupe ikikauka haina rangi. Inangoja mpaka upake kahawia ndipo ijionyeshe.

Na mkangazi wenyewe una vitundu vikubwa, unaviona bila miwani. Nyuzi za mti hazinyooki kabisa sambamba na kisu, kwa hiyo kitundu kimoja kinaweza kuanzia uso wa chini kikatokea uso wa juu, na katika unene wa milimita 0.6 si safari ndefu. Hapo ukapaka gundi pande zote mbili, yaani ukaijaza vinia kwa gundi kabla hata ya kuikandamiza, kisha ukaweka mawe. Gundi ilikuwa na njia moja tu ya kwenda.

Tuje kwenye kuokoa.

Msasa ulilizidisha doa kwa sababu mbili. Ulipunguza rangi iliyokuwa pembeni, na joto la kusugua likailainisha gundi ikapakaa kwenye vitundu vya jirani. Angalia ule msasa uliotumia: utakuta vijidonge vya kunata vimeganda usoni. Hiyo ni gundi. Thina nayo huilainisha gundi nyeupe iliyokauka bila kuiosha itoke. Huibeba ikaisambaza, na rangi yako uliyokwisha kupaka inaondoka kwa mabaka. Kungekuwa na gundi ya kontakti chini, thina ingeinua vinia yenyewe.

Kwa madoa yaliyolala juu, yale yanayong'aa kwenye tochi, tumia skrepa, lile bamba jembamba la chuma lililonolewa ukingo. Ulishike kwa vidole viwili viwili, ulipinde kidogo sana kwa vidole gumba, ulisukume kwa kufuata nyuzi. Linapaswa kutoa nyuzi nyembamba za gundi na mbao, si vumbi. Ukipata vumbi, ukingo umekufa, unoe tena. Pita mara mbili tatu, simama, angalia. Ukiona rangi ya mbao inaanza kugeuka au mchoro wa nyuzi unabadilika ghafla, umekaribia ubao wa chini. Acha.

Penye doa la juu lililo gumu au lililo kwenye pembe usikoweza kupitisha skrepa, chemsha maji kidogo, changanya nusu kwa nusu na siki nyeupe, chovya mswaki wa zamani, ukamue karibu ukauke, kisha usugue doa hilo peke yake kwa kufuata nyuzi. Siki yenye uvuguvugu hulainisha gundi nyeupe. Futa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa, kisha kitambaa kikavu. Usiloweshe. Ile gundi inayoishikilia vinia chini ni gundi hiyo hiyo. Siki haijui ipi unaitaka na ipi huitaki. Ukimaliza weka karatasi nyeupe, juu yake ubao ulionyooka, juu yake uzito, mpaka kesho yake.

Na tafadhali, usichanganye siki na sufi ya chuma. Siki na chuma hutoa maji yanayotia weusi mbao zenye tanini, na mkangazi unayo ya kutosha. Utakuwa umeondoa doa jeupe ukaleta la wino. Vivyo hivyo vidole vyenye kutu vilivyogusa mbao mbichi yenye siki.

Baada ya hapo utabaki na vijistari vilivyoingia ndani. Hivi usivifuate. Nasisitiza kwa sababu najua mikono ya mafundi wa Lamu. Mmezaliwa na mbambakofi na msaji, milango ya nakshi, viti vya enzi vya njumu. Mbao nzito ya kuchongwa, ukikosea unapitisha randa, unashuka milimita mbili, hakuna ajuaye. Tabia hiyo ni nzuri kwa mlango wa nakshi. Kwa vinia haina nafasi, maana mbao yote uliyo nayo ni nyembamba kuliko kosa lako la kawaida la randa.

Jambo la kufanya ni kusawazisha unywaji. Tatizo lako zima ni kwamba mbao inakunywa na gundi hainywi. Ukiziba uso wote kwa tabaka jembamba, hakuna kitakachokunywa, mbao na gundi vitakuwa sawa, na rangi yoyote utakayoweka juu yake itakaa pote kwa usawa.

Kwa kuziba napenda shelaki iliyotolewa nta. Kama unapata za vipande, weka gramu 120 hivi kwa lita moja ya spiriti, funika, tikisa mara kwa mara mpaka ziyeyuke. Kama ni shelaki ya kawaida yenye nta, iache itulie bila kuigusa mpaka nta ishuke chini, kisha mimina ile ya juu iliyo safi polepole kwenye chupa nyingine. Nta haina budi kutoka, kwa sababu vanishi ya poliurethani haishiki vizuri juu yake, na meza ya kulia itaihitaji vanishi hiyo. Rangi yako uliyopaka ni ya mafuta, hiyo ni heri: iache ikauke kabisa, isinukie tena mafuta ukiisogezea pua, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka safi, paka shelaki bila wasiwasi. Kikitoka na kahawia, usitumie brashi. Puliza tabaka jembamba sana, liache likauke, kisha jingine.

Ikishakauka, gusa uso kwa msasa namba 320 uliokwisha kutumika, mkono mwepesi, kutoa vinyuzi vilivyosimama tu. Usipige msasa kwenye kona na kingo, kwani huko ndiko vinia hutobokea.

Hapo sasa unachukua brashi ndogo kabisa, yenye ncha kama ya kuandikia, na rangi mbili tatu za unga: kahawia, nyekundu ya udongo, nyeusi. Tumia rangi za unga zinazofunika, zile zinazotua chini ya maji, kwa sababu rangi zinazopitisha mwanga hazitafunika weupe. Changanya na shelaki hiyo hiyo kwenye kipande cha kioo au kigae. Halafu usijaze doa. Hili ndilo kosa ambalo wengi hulifanya: wanaona doa la umbo fulani, wanalipaka kahawia lote, linageuka kuwa bakabaka la kahawia lililokufa, baya kuliko weupe. Wewe chora mishipa. Angalia mkangazi ulio safi pembeni yake, uone vitundu vyake vyeusi vinavyokwenda, urefu wake, nafasi kati ya kimoja na kingine. Chora vijistari hivyo hivyo juu ya doa, vyepesi, vingine viungane na vya jirani, vingine viishie njiani. Kwanza rangi ya ardhi ya mbao, ambayo mara nyingi ni nyekundu kuliko unavyodhani, kisha mishipa ya kahawia nyeusi juu yake. Kila baada ya kiraka simama wima, rudi nyuma hatua kadhaa, tazama kwa mwanga wa dirishani. Hakuna mgeni atakayekula chakula pua ikiwa imegusa meza. Kinachotazamwa ni kule anakosimama mtu.

Milango ya makabati, inayosimama wima na kuangaliwa kwa macho moja kwa moja, ipe muda zaidi kuliko meza. Meza itawekwa vikombe na vitambaa.

Juu ya viraka, pitisha shelaki nyembamba tena kuvilinda, kisha uunganishe yote kwa rangi ya kupangusa: rangi nzito ya mafuta, kahawia, iliyolainishwa kwa tapentaini. Ipake kwa kitambaa uso mzima, ingoje ianze kufifia mng'aro, kisha uipanguse kwa kitambaa kikavu kufuata nyuzi. Inabaki kidogo ndani ya vitundu na utando mwepesi juu, na utando huo ndio unaolifanya jani lililobana na jani lililolegea yaonekane ndugu. Ukikosea, ipanguse yote kwa tapentaini kabla haijakauka, uanze tena. Shelaki chini yake haidhuriki. Hiyo ndiyo faida ya kufanya mambo juu ya tabaka lililozibwa: unaweza kurudi nyuma.

Vitambaa hivyo vya mafuta usivikunje ukavirundika pembeni. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi ya mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe usiku. Kwa vichochoro vyetu na mapaa ya makuti sina haja ya kukueleza zaidi. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vitie ndoo ya maji.

Iache rangi hiyo ikauke kabisa, na kwa hewa yetu ya pwani isikie mwenyewe kwa kidole kuliko kuamini maandishi ya kopo. Halafu vanishi. Kwa meza, poliurethani, tabaka tatu nyembamba. Shelaki peke yake haivumilii sufuria ya moto wala manukato yenye spiriti. Kwa milango unaweza kumalizia kwa shelaki au laka, upendavyo. Ukitumia laka wakati wa mvua za masika, usipulize alfajiri hewa ikiwa bado nzito. Ngoja jua lipande na upepo ukaushe ukuta, au tumia thina ya kukausha polepole. La sivyo utapata weupe mwingine, ule wa wingu, na utanirudia ukidhani gundi imefufuka.

Kuna uwezekano mmoja ambao nisingeficha. Kama lile doa ulilolisugua limetoboka, yaani umeiona blokibodi, au rangi ya gundi chini, usihangaike na brashi kwa eneo lote. Tundu dogo kama ukucha unaweza kulichora. Likizidi hapo, mlango huo ubandikwe vinia mpya juu ya ile ile ya zamani, baada ya kuisugua rangi yake yote itoke ili gundi ishike. Kubandua ya zamani kwa pasi na kitambaa chenye maji kunawezekana, kwa sababu gundi nyeupe hulegea kwa joto, lakini blokibodi nayo hunywa mvuke na kuvimba. Mimi ningebandika juu. Na kumbuka upande wa nyuma wa mlango: ukiongeza tabaka mbele, ongeza na nyuma, la sivyo mlango utapinda.

Kwa kazi zijazo sina mengi, ila machache ninayoyaona ya lazima.

Gundi paka kwenye ubao tu. Vinia iweke kavu. Tabaka liwe la kutosha kulowesha ubao pote bila kuacha madimbwi. Kwa gundi nyeupe ni kama gramu 150 kwa mita moja ya mraba. Kama una mizani ya jikoni, pima chombo kabla na baada, mara chache tu, mpaka jicho lizoee. Brashi huacha mifereji, na penye mfereji ndipo inapopenya. Tumia rola ya manyoya mafupi. Jambo linalowaponza wengi hapo kwenu ni upepo: gundi inaanza kukauka ubao ukiwa bado haujaisha kupakwa, fundi anaogopa, anaongeza maji. Gundi iliyoongezwa maji ni nyepesi, inapenya mara mbili. Funga dirisha, fanya kazi asubuhi na mapema, paka ubao mmoja ukandamize kabla ya kupaka mwingine, na kopo la gundi usilitie tone la maji.

Badala ya kuipunguza, ifanye nzito. Chekecha vumbi laini kabisa la msasa wa mkangazi huo huo, changanya kidogo ndani ya gundi mpaka iache kutiririka haraka. Na itie rangi. Rangi ya unga inayoyeyuka majini, kahawia nyekundu, kijiko kidogo kwenye kikombe, mpaka gundi ifanane na mbao ikishapakwa rangi. Haitaacha kupenya, lakini ikipenya itatokea kama kitundu cheusi cha kawaida cha mkangazi. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwa sababu gundi ikiwa mbichi ni nyeupe na itakudanganya rangi.

Mawe ya kukandamizia sina ugomvi nayo, wazee wetu wamekandamiza kwa mawe na majahazi yanaelea. Ila mawe hukandamiza pale yalipo. Chini ya jiwe gundi inasukumwa juu, kati ya jiwe na jiwe inabaki nyingi. Weka kwanza karatasi isiyochapishwa, kisha nailoni, kisha ubao mnene ulionyooka uliozidi ukubwa wa kazi, ndipo mawe, ukianzia katikati kwenda kingo ili gundi itoke nje. Ukiwa na klempu na mihimili iliyochongwa mbinuko kidogo katikati, ni bora zaidi. Ukishafungua, ngoja siku kadhaa kabla ya msasa wa mwisho. Vinia imekunywa maji ya gundi imevimba. Ukiisugua ingali imevimba, ikikauka maungio yatazama.

Na kama mteja anataka rangi iliyokoza, fikiria tena huo mpango wa kitabu. Telezesha majani yafuatane bila kuyageuza, yote uso uliobana juu, uliolegea chini kwenye gundi. Maua hayatatazamana, yatajirudia, lakini rangi itaingia sawa kila jani na gundi itakuwa na kazi ngumu zaidi ya kutokeza. Mpango wa kitabu uhifadhi kwa kazi itakayopakwa vanishi isiyo na rangi. Hapo hata doa la gundi likiwapo, halionekani sana, kwani hakuna kahawia ya kulisuta.

Mwisho, mteja wa Shela. Usimfiche, wala usimweleze habari ya siku nzima. Mwambie kazi itachelewa kwa ajili ya kumalizia rangi, kisha maliza mlango mmoja mpaka vanishi, uupeleke kwa mashua ukauone chini ya mwanga wa nyumba yake. Kuta za chokaa nyeupe na mwanga wa bahari hubadilisha kahawia kuliko taa ya karakana ya Langoni. Akiukubali huo, nakili rangi ile ile kwenye iliyobaki, na ile rangi ya kupangusa ichanganye yote kwenye kopo moja kabla ya kuanza, kwa sababu ukichanganya ya pili haitafanana.